Nani Atasoma Yote Haya?

Natumaini chakula cha jioni kimeshuka vizuri, na kama bado kiko jikoni, basi tuzungumze huku kikiiva.

Leo nimekuja na jambo ambalo wengi wenu mnakutana nalo kila siku kwenye simu zenu. Nataka tuzungumze habari za maandishi marefu katika mijadala ya mtandaoni. Nasema yale maandishi ambayo mtu ametulia, akapanga hoja yake tangu mwanzo, akaeleza kwa nini anaamini anachokiamini, akataja hata yale yanayompinga, kisha akayaweka mbele ya watu wayajadili. Maandishi ya namna hiyo yanapungua katika Kiswahili chetu. Yanapungua mno, na mimi jambo hili linaniuma. Nitawaeleza kwa nini.

Niwaulize kwanza. Wewe unayenisikiliza, uko katika makundi mangapi ya WhatsApp? La ukoo, la wazazi wa shule, la mtaa, la kikoba, la mliosoma pamoja, la kanisani au la msikitini. Haya, sasa kumbuka mara ya mwisho mtu alipoandika humo aya tano au sita akieleza jambo zito kwa utaratibu. Alijibiwa nini? Nadhani unakumbuka. Mmoja aliandika, "Duh, gazeti lote hili!" Wa pili akaweka kikatuni cha mtu aliyesinzia. Wa tatu akasema, "Aliyesoma atupe kwa ufupi." Wa nne akatuma orodha ya michango ya harusi, na mada ikafia hapo hapo. Na yule aliyeandika? Huyo ndiye ninayemfikiria zaidi. Alitumia jioni yake. Alifuta, akaandika upya, akahakikisha hakumtukana mtu. Safari nyingine hataandika. Atabonyeza dole gumba kama wenzake, na kundi litakuwa limempoteza bila hata kujua.

Sasa watu hukimbilia kusema, aa, siku hizi watu ni wavivu wa kusoma. Mimi hilo silikubali, na naomba tulitazame vizuri kabla hatujaendelea.

Tazameni simulizi zinazoandikwa Facebook na kutumwa WhatsApp. Sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, mpaka sehemu ya arobaini. Dada wa saluni anasoma akisubiri mteja. Mlinzi wa usiku anasoma mpaka adhana ya alfajiri. Mwandishi akichelewa siku mbili tu, wasomaji wanamjia juu: leta mwendelezo! Wengine wanamlipa kwa simu ili watumiwe sehemu zilizobaki. Je, hao ni wavivu wa kusoma? Mtu anayemaliza sehemu arobaini kwenye kioo cha simu chenye ufa ni msomaji hodari kabisa.

Tazameni tena ujumbe wa sauti. Shangazi anatuma sauti ya dakika saba, na familia nzima inaisikiliza mpaka mwisho, maana huwezi kujua jina lako litatajwa dakika ya ngapi. Au vikao vya sauti vya mtandao wa X, ambako watu wanakesha saa tatu wakibishana. Masikio yapo, na muda upo.

Labda tuseme ni gharama ya bando? Hapana. Maandishi ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kwenye simu. Maneno elfu mbili ya Kiswahili ni mepesi kuliko picha moja ya keki ya kuzaliwa. Video ya dakika moja inakula bando zaidi kuliko kitabu kizima cha maneno tu. Kwa hiyo anayesema watu wameacha kusoma marefu kwa sababu ya umaskini, naye hajaligusa jambo lenyewe.

Narudia, kwa sababu hapa ndipo penye mada yetu ya leo. Watu wetu wanasoma marefu, na wanasikiliza marefu. Kilichopotea ni mjadala mrefu ulioandikwa, ambapo mimi nakuwekea hoja yangu nzima, wewe unaisoma yote, unanijibu mahali penye kosa, na mimi kesho yake narudi kukujibu. Hicho ndicho kinachotutoka mikononi.

Na msidhani hicho ni kitu cha kigeni kilicholetwa na kompyuta. Sisi tuna historia nacho. Mwanzoni mwa karne ya 19, wakati Mombasa na Lamu zinapigana vita vilivyoishia Shela, washairi wa pande mbili walikuwa wakitumiana mashairi, Muyaka bin Haji wa Mombasa akiwa mmoja wao. Walikuwa maadui, na bado walijibizana. Na mnajua utaratibu wa kujibizana kwa ushairi? Mara nyingi anayejibu hufuata bahari ile ile na vina vile vile alivyovitumia mwenzake. Hebu fikirini maana yake. Huwezi kumjibu mtu kwa vina vyake kama hukumsoma mpaka ubeti wa mwisho. Utaratibu wenyewe unakulazimisha usome. Unaweza kumchukia mwenzako utakavyo, lakini kwanza utamsoma.

Utaratibu huo uliingia magazetini. Mwaka 1923 lilianza gazeti la Mambo Leo, lililotolewa kila mwezi na serikali ya kikoloni ya Tanganyika, na kwa muda mfupi wasomaji wakalifanya uwanja wao. Walileta barua na mashairi, na mtu wa bara akajibiwa na mtu wa pwani. Shaaban Robert ni mmoja wa waliochapishiwa mashairi humo. Gazeti la mwezi! Maana yake ukiuliza swali leo, jibu unalipata mwezi ujao, pengine miezi miwili. Na watu walingoja. Walikuwa wameitunza nakala ya zamani, wanaifungua, wanalinganisha.

Baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, uliwaka moto ambao wanafunzi wa fasihi mpaka leo wanaufundishwa. Upande mmoja walisimama wanamapokeo, upande wa pili wanamabadiliko. Walibishana kwa miaka, kwa makala, kwa dibaji za vitabu, kwa mihadhara. Mimi sina haja ya kuamua leo nani alishinda. Ninachotaka mkione ni kwamba mpaka leo unaweza kuzisoma hoja za pande zote mbili, hatua kwa hatua, na ukaamua mwenyewe. Ugomvi ule ulituachia kitu mkononi.

Mashairi ya wasomaji hayajafa. Gazeti la Taifa Leo kule Nairobi limeyapa ukurasa kwa miaka mingi, na malenga wanaulizana na kujibizana humo. Lakini mjadala wa nchi, mjadala wa bei, wa shule, wa ardhi, huo ulihamia kwingine.

Basi tuje mtandaoni wenyewe. Wale wenye umri kama wangu mtakumbuka miaka ya katikati ya 2000. Ndesanjo Macha, akiwa Marekani, alikuwa akiandika blogu yake ya Jikomboe kwa Kiswahili, wakati ambapo wengi waliamini kwamba kompyuta inajua Kiingereza tu. Mwaka 2005 Issa Michuzi akafungua yake. Mwaka 2006 likaanzishwa jukwaa la JamboForums, ambalo baadaye likaitwa JamiiForums. Wengi walioandika humo walikuwa watumishi wenye kompyuta ofisini, wanafunzi wa vyuo, vijana wa intaneti kafe waliolipia nusu saa, na ndugu zetu walioko Uingereza, Marekani na Uarabuni, waliokuwa na kiu ya habari za nyumbani.

Mliokuwepo mnakumbuka mijadala ya Richmond? Ule mkataba wa umeme wa dharura wa mwaka 2006, uliofika bungeni kwa kamati ya Dk. Harrison Mwakyembe, na Februari 2008 Waziri Mkuu wa Tanzania, Edward Lowassa, akajiuzulu. Wakati ule mtu alikuwa anafungua uzi wa mjadala jukwaani, anaandika kurasa, anaeleza mkataba wa umeme unasomwaje. Mwingine anakuja: "Mkuu, heshima yako, lakini aya yako ya tatu umeteleza." Anainukuu ile aya, anaeleza kwa nini. Wa kwanza anarudi usiku, ama anakubali, ama analeta ushahidi zaidi. Matusi yalikuwepo, siwafichi. Uzushi ulikuwepo pia. Lakini katikati ya hayo, mtu ambaye hajawahi kuona mkataba wa serikali maishani mwake alijifunza kuusoma.

Nataka nikae kidogo hapo, kwenye jinsi uzi ule ulivyofanya kazi, kwa sababu wengi wetu tunaangalia watu na kusahau mahali. Kwenye jukwaa la namna ile, bandiko la kwanza linakaa juu, halisogei. Kila anayeingia anaanza kwa mleta mada. Majibu yanafuata chini kwa zamu. Mtu akijibu hata baada ya wiki mbili, uzi unapanda tena juu, watu wanaukuta. Ukitafuta jambo mwaka unaofuata, unalipata. Kwa hiyo aliyeandika kwa urefu alijua kwamba kazi yake inabaki.

Sasa chukua yale yale maandishi uyatie kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili. Kwanza yanakunjwa. Inaonekana mistari michache tu, kisha maneno mawili: Soma zaidi. Pili, ndani ya dakika kumi yamesukumwa juu na salamu za asubuhi, picha ya mtoto aliyepotea, na matokeo ya mpira. Tatu, aliyekuwa shambani mchana kutwa, akifungua simu saa mbili usiku anakuta ujumbe mia na hamsini. Ataanzia wapi? Anaanzia chini, kwa wale wa mwisho, ambao tayari wanagombana juu ya kitu ambacho hajakisoma. Na wiki ijayo hakuna atakayeweza kuyapata tena. WhatsApp haimkatazi mtu kuandika marefu. Inapokea ujumbe wa herufi zaidi ya elfu sitini, yaani unaweza kutuma kitabu kidogo. Lakini haikutengeneza mahali pa kukiweka hicho kitabu.

Kabla ya hapo tulikuwa na meseji za kawaida za herufi 160. Kiwango hicho tunakisikia kama amri ya mbinguni, kumbe kilipendekezwa na mhandisi Mjerumani, Friedhelm Hillebrand, aliyekaa kwenye mashine yake ya kuandikia huko Bonn mwaka 1985, akaandika sentensi za kila aina na kuzihesabu herufi. Akaona 160 zinatosha kwa salamu na taarifa. Na kweli zinatosha kwa salamu na taarifa! Baadaye Twitter wakapima nyumba yao humo humo, wakatoa herufi 140, na mwaka 2017 wakaongeza mpaka 280. Lakini sisi tulikuwa tumeshazoea. Kizazi kizima kilijifunza kuandika Kiswahili kwa kubana, sijui inaandikwa kwa herufi C, tutaonana inaanza na tarakimu ya 2. Kidole kilikwenda shule hiyo, na kubisha hoja nako kukafuata.

Lipo jambo jingine, na sitakuwa mwaminifu kwenu nikiliruka. Watu walipunguza kuandika marefu kwa sababu ya woga. Mwaka 2015 ilipitishwa hapa Tanzania Sheria ya Makosa ya Mtandao. Mwaka 2018 zikaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, ambazo zilimtaka mwenye blogu aombe leseni, hata kama ni mtu mmoja anayeandika sebuleni kwake bila kulipwa na yeyote, na ada za kuanzia kwa jumla zilizidi shilingi milioni mbili. Mwalimu wa sekondari aliyekuwa akiandika Jumamosi kuhusu elimu, milioni mbili atazitoa wapi? Juni mwaka ule JamiiForums ililazimika kujifunga kwa muda. Wapo wenye blogu waliozima taa na hawakuziwasha tena. Ada zilikuja kupunguzwa miaka ya baadaye. Lakini mtu akishaacha kuandika miaka mitatu, minne, huwezi kumrudisha kwa kupunguza ada peke yake. Na kuna hili pia: mtu aliyeandika neno moja na kikatuni cha kucheka ni vigumu kumshitaki. Aliyeandika kurasa nne amejitoa mzima mzima, jina, hoja na ushahidi. Penye woga, wa kwanza kunyamaza ni yule anayeeleza kwa kirefu.

Haya. Nadhani sasa mtaniuliza: sawa, yamepungua, tumekuelewa, lakini hasara iko wapi? Si tunaelewana tu kwa ufupi? Mtu mwenye hoja si aiseme kwa mstari mmoja?

Nitawajibu kwa mfano wa korosho, na ndugu zangu wa Tandahimba, Newala na Lindi mnisahihishe nikikosea. Mnaujua mfumo wa stakabadhi ghalani, ule wa mkulima kupeleka mazao kwenye chama cha msingi cha ushirika, akapewa stakabadhi, kisha yakauzwa mnadani. Fungueni mjadala huo kwenye kundi lolote la watu wa kusini. Ndani ya dakika moja mtapata majibu mawili. La kwanza: "Stakabadhi ni wizi mtupu." La pili: "Stakabadhi ndiyo mkombozi wa mkulima, anayeipinga ni mtu wa kangomba." Na kwa wasiojua, kangomba ni ule ununuzi wa mlangoni, mkulima anauza kwa bei ya kutupwa kwa sababu ana shida ya leo. Basi, hapo mjadala umekwisha kabla haujaanza. Mmoja ameitwa mjinga, mwingine ameitwa mlanguzi. Zinazofuata ni pande mbili za dole gumba.

Sasa sikilizeni anavyoandika yule mwenye subira. Anasema: nilipeleka korosho zangu chama cha msingi, zikapimwa mbele yangu, nikapewa stakabadhi. Gari la kuzipeleka ghala kuu lilichelewa, na zilipofika zikapimwa tena, uzito ukawa umepungua. Mnada ulifanyika, bei ikatangazwa, nikaifurahia. Lakini bei iliyotangazwa siyo iliyonifikia. Yalitoka makato ya usafirishaji, ya ghala, ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ya halmashauri. Kilichobaki kikaingia benki baada ya wiki kadhaa, na benki iko mjini, nauli juu yangu. Katikati ya wiki hizo shule zilifunguliwa. Jirani yangu hakuweza kungoja, akauza kangomba magunia mawili. Mimi nilingoja kwa sababu kijana wangu wa Dar alinitumia pesa. Kama asingenitumia, na mimi ningeuza.

Mmesikia? Huyu hajasema ni wizi, wala hajasema ni ukombozi. Ametupitisha njia nzima. Na kwa kuwa ametupitisha njia nzima, mwingine anaweza kumsimamisha mahali fulani na kusema: ndugu yangu, mnada wako haukuwa na tatizo, tatizo lako liko kati ya ghala la chama na ghala kuu, pale uzito ulipopungua, ulidai karatasi ya upimaji wa pili? Wa tatu anasema: sisi kwetu makato ya usafirishaji ni madogo kwa sababu chama kimekodi gari kwa pamoja. Wa nne, mtu wa benki, anasema malipo yalichelewa kwa sababu orodha ya akaunti ilikuja na makosa, akaunti zihakikiwe kabla ya msimu. Tazameni! Watu wanne, na kila mmoja ameshika mahali pake. Mfumo ule ule mmoja umegeuka kuwa mambo manne yanayoweza kutengenezwa.

Mwaka 2018 wanunuzi walipotoa bei ndogo minadani, serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Uamuzi mkubwa kama ule uliwagusa watu wengi sana. Ni wangapi kati yetu tuliousoma ukielezwa na mkulima mwenyewe, kwa Kiswahili chake, kutoka shambani mpaka benki? Tulisoma vichwa vya habari na vibonzo. Watu waliokuwa wanaujua ukweli wa ghalani walikuwepo, wana simu, wanajua kuandika. Lakini wapi wangeandika, na nani asingewaambia wameleta gazeti?

Kwa hiyo nasema tena, hasara yetu iko hapo. Hoja iliyoelezwa yote inaonyesha viungo vyake, na kiungo kibovu kikionekana kinarekebishika. Mwenye hoja anaweza kusahihishwa bila kudhalilishwa, maana unamsahihisha mahali pamoja na mengine unamwachia. Mstari mmoja hauna mahali pa kushika. Ama unaukubali wote ama unaukataa wote, na ukiukataa, mwenye mstari anaona umemkataa yeye. Ndiyo maana makundi yetu yana ugomvi mwingi hivi, na watu wanajiondoa. "Fulani ameondoka kwenye kundi." Mara ngapi mmeyaona maneno hayo baada ya mjadala wa mistari miwili miwili?

Najua yuko mtu hapo anayesema: wewe bwana, hujaona zile meseji ndefu zinazosambazwa? Nimeziona. Mwaka 2020 wakati wa corona zilikuja nyingi. Dawa ya malimau, mvuke wa majani, daktari asiye na jina kutoka hospitali isiyo na mji, mwishoni unaambiwa mtumie kila unayempenda. Zile zilikuwa ndefu kweli kweli, na zilisambaa kuliko zote. Kwa hiyo urefu wenyewe si sifa, na mimi siutetei urefu. Kuna hotuba ndefu zisizo na kitu, na kuna watu wanaorudia jambo moja mara tano kwa kudhani wameongeza uzito.

Tofauti ni hii, na nawaomba muishike. Meseji ya kusambazwa haina mwenyewe. Umeipata kwa shemeji, shemeji kaipata kazini, huko kazini hawajui imetoka wapi. Ukiwa na swali, unamuuliza nani? Hakuna wa kurudi kukujibu. Maandishi ninayoyalilia mimi yana mwenyewe, na mwenyewe anarudi. Anaulizwa, anajibu. Anabanwa, anaeleza. Akionyeshwa kosa, anaandika chini yake kwamba hapa nimesahihishwa na fulani. Muyaka alikuwa na mtu wa kumjibu. Kezilahabi alikuwa na watu wa kumjibu.

Mwingine atasema, basi turekodi sauti, sisi ni watu wa kuzungumza. Na mimi ni mtu wa redio, sauti ndiyo kazi yangu, nitaisemaje vibaya? Lakini jaribu kuinukuu dakika ya nne ya sauti ya mtu aliyezungumza dakika tisa. Jaribu kuitafuta mwezi ujao. Jaribu kuzilinganisha mbili, ya kwako na yake, mstari kwa mstari. Huwezi. Sauti inaleta ukaribu, inaleta huzuni na furaha kama zilivyo. Kwa mambo ya makato ya korosho na ramani ya kiwanja, tunahitaji kitu kinachotulia mbele ya macho tukarudi nacho nyuma.

Tufanyeje? Sikuja na dawa ya nchi nzima. Nina mambo machache ambayo yanawezekana leo usiku, na nitayapitia upesi. Ninyi wasimamizi wa makundi, ile nafasi ya kubandika ujumbe ukabaki juu ya kundi mnaitumia kwa jambo gani? Wengi mmebandika namba ya kutuma michango. Bandikeni hoja. Mtu akieleza jambo zito la mtaa, libandikeni siku tatu, na kwa siku hizo tatu anayejibu anukuu kwanza sentensi anayoijibu. Hilo tu. Mtashangaa jinsi kelele zinavyopungua, kwa sababu ili umnukuu mtu lazima umsome.

Nanyi mnaoandika, mhurumieni msomaji wa simu. Aya fupi, nafasi katikati. Hoja kubwa ije mwanzoni, asiitafute chini kabisa. Toa mifano ya watu na mahali. Ukimaliza, uliza swali la kweli, lile ambalo jibu lake hulijui. Na usiondoke. Rudi kesho yake, jibu walau watu wawili.

Na wewe ambaye vidole vinakuwasha kuandika "gazeti", nakuomba kitu kimoja kwa unyenyekevu. Kama huna muda, pita tu. Kunyamaza kwako kunamwachia mwenzako heshima yake, na pengine kunamwachia nafasi mtu mwingine ambaye alikuwa anataka kusoma.

Na sisi wa redio tuna sehemu yetu. Kwa miaka mingi tumewafundisha wasikilizaji kwamba maoni ni sekunde thelathini: jina lako, unakopigia simu, unasema nini, asante, mwingine. Nimezungumza na wenzangu wa kipindi, na tumekubaliana kuanza namna nyingine. Kuanzia wiki ijayo, kipindi hiki kitasoma barua moja tu. Barua nzima, hata ikiwa kurasa tatu. Wiki inayofuata tutasoma jibu lake, nalo zima, na aliyeandika kwanza atapewa wiki ya tatu.

Mada ya kwanza tumeichagua: stakabadhi ghalani, iwe ya korosho, ya ufuta au ya mbaazi. Mkulima, karani wa chama cha msingi, mnunuzi, mtu wa benki, mwanafunzi ambaye ada yake ilitoka humo, andikeni. Elezeni njia yote mliyoipita, na makato yote mliyokatwa. Wekeni jina la chama na msimu, ili watu wa hapo waweze kuwajibu. Mkiandika kwa mkono, tutausoma mwandiko wenu. Mkiandika kwa simu, msibane maneno.

Mimi nitakuwa hapa Jumanne, saa hii hii. Usiku mwema.